Mama Aliyesimulia Gizani

Baba anakufa mapema kwenye riwaya hii, na kabla hajafumba macho anamwapisha binti yake mdogo: mfanye mama yako asimulie ile hadithi, na safari hii aimalize. Anachousia ni hadithi. Shamba analo, nyumba anayo, miaka mingi ya ndoa anayo, lakini kilichomkaa rohoni ni ngano ya watoto iliyokatishwa katikati. Kwetu mgonjwa akiusia hivyo, watu wangetazamana wakasema homa imempanda kichwani.

Riwaya ni Winter Garden ya Kristin Hannah, mwandishi wa Marekani, iliyotoka mwaka 2010. Meredith na Nina Whitson ni watu wazima. Wamekulia kwenye shamba la matufaa katika jimbo la Washington, kule kaskazini magharibi mwa Marekani, ambako theluji hufunika miti kila mwaka. Mama yao, Anya, ni Mrusi, na zaidi ya hapo hawajui kitu. Hawajui ndugu zake ni kina nani, hawajui alifikaje Marekani, hawajui hata kwa nini usiku wa baridi kali anatoka na kwenda kukaa peke yake kwenye kibustani chake. Si mama mkorofi. Hapigi, hatukani. Ila hashiki mtoto, hasifii mtoto, na mtoto akimkimbilia anamwangalia kama mtu anayeangalia basi lisilo lake likipita.

Kitu kimoja tu aliwapa: ile ngano. Msichana maskini, mwana wa mfalme, nchi ya theluji. Aliisimulia usiku, gizani, sauti yake ikiwa tofauti kabisa na ya mchana, na hakuifikisha mwisho hata siku moja. Mwaka 1972 Meredith, bado mtoto, akapata wazo la kuigeuza ngano hiyo mchezo wa kuigiza kwa ajili ya wageni wa Krismasi, akitumaini mama atafurahi. Mama akawakatiza mbele za watu. Tangu siku hiyo Meredith akaapa hatasikiliza tena hadithi za mama, na kiapo hicho akakitunza mpaka utu uzima.

Riwaya za siri za familia zina desturi zake. Huwa kuna sanduku darini, barua iliyofungwa utepe, picha ya mwanamume asiyejulikana nyuma yake pameandikwa tarehe. Mtu anafumania kitu, basi mlango unafunguka. Kilichonifanya niipende hii, pamoja na kasoro zake, ni kwamba siri haikufichwa popote. Ilikuwa ikisimuliwa. Watoto waliisikia kila kipande, wakakariri mpaka majina ya madaraja, wakalala.

Sisi tuliolelewa na bibi tunaelewa haraka hapa kuliko Meredith na Nina. Paukwa, pakawa, halafu zimwi linamchukua mke wa mtu, au msichana anakwenda kisimani harudi. Ukiwa mdogo unashikilia zimwi. Ukishakuwa mkubwa, umezika watu na umeona mambo, ndipo unajiuliza mbona bibi alipofika pale kisimani alikuwa akinyamaza kidogo, na mbona hadithi hiyo hakuisimulia babu akiwepo. Hadithi inampa msimulizi mahali pa kusimama. Anaweza kusema "hapo zamani za kale" wakati anazungumzia mwaka aliouishi yeye, na anaweza kusema "binti mmoja" wakati binti ni yeye. Msikilizaji akilia, msimulizi si lazima alie.

Ngano ya Anya ina mtawala mweusi na magari meusi yanayopita usiku kuchukua watu. Msomaji aliyewahi kupitia historia ya Urusi kidogo tu anajua tuko wapi: Leningrad, mji ambao sasa umerudia jina lake la St. Petersburg, wakati wa Stalin. Katika miaka miwili tu, 1937 na 1938, kumbukumbu za dola lenyewe zinaonyesha watu zaidi ya 680,000 walihukumiwa kifo. Mtu alichukuliwa kwa shairi, kwa utani, kwa kuwa jirani alitaka chumba chake. Baba wa msichana wa kwenye ngano ni mshairi. Mwisho wake huhitaji kuambiwa.

Na hili la kuficha maneno halikubuniwa na mtunzi wa riwaya. Anna Akhmatova, mshairi mkubwa wa mji huohuo, alisimama foleni nje ya gereza la Leningrad kwa miezi 17 akitafuta habari za mwanawe aliyekamatwa. Akatunga mashairi juu ya foleni hiyo na wanawake aliosimama nao. Kuyaandika na kuyaweka nyumbani ilikuwa sawa na kujisalimisha. Basi alikuwa akiandika beti chache kwenye karatasi, anampa rafiki aliyemtembelea, huku kwa sauti akizungumzia chai au hali ya hewa kwa kuwa kuta zilikuwa na masikio. Rafiki anasoma kimya, anakariri, anarudisha karatasi. Akhmatova anaichoma kwenye kisahani cha majivu ya sigara. Mashairi hayo, Requiem, yalikaa vichwani mwa watu wachache kwa miaka mingi. Yalichapwa Ujerumani mwaka 1963, na nchini mwake mwenyewe yakasubiri mpaka 1987, yeye akiwa kaburini tangu 1966.

Mtu aliyetoka kwenye mji wa namna hiyo, ukimuuliza mezani "mama, kwenu ni wapi?", unategemea akujibu nini?

Halafu Vita Kuu ya Pili ikaja juu ya hayo. Wajerumani walikata njia ya mwisho ya nchi kavu tarehe 8 Septemba 1941, na siku hiyohiyo mabomu yakateketeza maghala ya chakula ya Badayev. Sukari iliyeyuka ikazama ardhini. Miezi michache baadaye watu walikuwa wakichimba udongo ule, wakiuchemsha na kuuchuja wapate maji matamu. Mji ulizingirwa kwa siku 872, mpaka tarehe 27 Januari 1944. Kwenye mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu wakuu wa Wanazi baada ya vita, Wasovieti walitaja vifo vya raia zaidi ya 630,000. Wanahistoria wengi baadaye wamepandisha idadi hiyo, wengine hadi karibu milioni moja. Wengi mno kati yao hawakuuawa na bomu wala risasi. Walikufa njaa, na wengi katika majira moja ya baridi, yale ya 1941 kuingia 1942.

Namba kubwa hazinishiki sana, nakiri. Kilichonishika ni gramu 125. Kuanzia tarehe 20 Novemba mpaka 25 Desemba 1941, huo ndio ulikuwa mkate wa siku nzima kwa mtoto, kwa mzee, kwa mama asiye na kazi ya kiwandani na hata kwa karani wa ofisini. Mfanyakazi wa kiwandani alipata gramu 250. Chukua ule mkate wa gramu 400 wa madukani Kenya: gramu 125 haifiki theluthi yake. Ila usifikirie mkate ule mweupe, laini, unaojaa hewa. Wa Leningrad ulikuwa mweusi na mzito, umejaa maji, umechanganywa mashudu ya pamba na unga wa selulosi uliotokana na miti, kwa hiyo kipande chenyewe kilikuwa kidogo kuliko unavyokiona kichwani. Muuzaji alipima kwa mizani huku macho ya foleni nzima yako kwenye mkono wake. Ikibidi kukamilisha uzito, aliongezea kijipande juu, na kijipande hicho ndicho kilichozua vita majumbani: wengine walikila palepale mlangoni, wengine waliapa kukifikisha nyumbani wakashindwa njiani.

Kadi ya mgao ilikuwa ya mwezi. Ukiipoteza, au ukiporwa, hapakuwa na ya pili kirahisi. Umeme ulikatika, tramu zikasimama zilipokuwa, mabomba yakaganda. Maji yalichotwa kwenye matundu ya barafu ya mto Neva, ndoo ikiburuzwa kwa kigari cha theluji cha mtoto, na kigari hichohicho kesho yake kilibeba maiti iliyofungwa shuka. Watu walibandua karatasi za kupamba ukuta ili wakwangue gundi iliyotengenezwa kwa unga. Walichemsha gundi ya mafundi seremala ikaganda wakaila. Walichemsha mikanda ya ngozi.

Sasa rudi Marekani, mwaka 2000. Baba amekufa. Meredith anamkuta mama yake, bibi kizee mwenye nyumba nzuri na jokofu lililojaa, anabandua karatasi za ukutani. Anaficha chakula. Anachemsha mkanda wa ngozi. Meredith anafanya ambalo mimi na wewe tungefanya: anaona mama amechanganyikiwa kwa uzee na msiba, anampeleka nyumba ya kulelea wazee. Hapo ndipo Hannah alipofanya kazi yake vizuri zaidi kitabu kizima, kwa sababu msomaji wa mara ya kwanza naye anakubaliana na Meredith. Msiba umemrudisha mama kwenye ule msimu wa baridi, na mwili wake unafanya kile kilichowahi kumnusuru.

Hayo ya kwetu siyaweki kwenye mizani moja na ya Leningrad. Lakini mama yangu, aliyekuwa mama kijana mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakati maduka ya Tanzania yalipokauka, mpaka leo hawezi kupita mahali sabuni ya mche inauzwa bei nzuri asinunue. Ukivuta kabati lake unakuta miche imepangwa nyuma ya khanga, imekauka mpaka imepasuka. Sukari hakosi mfuko ambao "si wa kutumia". Tumemcheka sana. Yeye hakuwahi kutusimulia foleni ya duka la ushirika wala unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano; hayo nimeyapata kwa shangazi, harusini, tukichambua mchele. Nilipouliza mbona mama hajawahi kusema, shangazi akanijibu kwa kushangaa: "Aseme nini? Si tulikuwa wote."

Hilo nalo ni sehemu ya mambo. Walionusurika pamoja hawana haja ya kusimuliana. Tatizo linaanza mmoja anapohamia kwa watu ambao hawakuwepo. Anya kwenye shamba la matufaa hana mtu hata mmoja wa kumwambia "si tulikuwa wote".

Tena alikuwa na sababu ya kuogopa. Kwa makubaliano ya Yalta, Februari 1945, kati ya Stalin na wakuu wa Marekani na Uingereza, Wasovieti waliokutwa Ujerumani na majeshi ya Magharibi walitakiwa kurudishwa kwao, watake wasitake. Waliorudi walihojiwa mmoja mmoja, na kuna waliotoka mikononi mwa Wajerumani wakaishia kambi za kazi za nchini mwao. Aliyebahatika kuolewa na askari wa Kimarekani alijifunza haraka kwamba jina na mji ni vitu vya kuchunga. Halafu Marekani yenyewe ikaingia kwenye vita baridi, na Mrusi shambani akawa mtu wa kutiliwa shaka.

Hata nyumbani Urusi walionusurika hawakuachiwa nafasi ya kusema. Leningrad ilikuwa na jumba la makumbusho juu ya ulinzi wa mji, lililosimamishwa vita ikiwa haijaisha bado. Mwaka 1949 Stalin aliwageukia viongozi wa mji huo; wakuu wao wakapigwa risasi mwaka 1950, na jumba hilo likafungwa. Mji ulitakiwa ukumbuke ushujaa na usahau gundi ya seremala. Waandishi Ales Adamovich na Daniil Granin walizunguka na kinasa sauti katika miaka ya 1970 kuwahoji wazee. Na yaliyoandikwa yalipitiwa na wakaguzi wa serikali wakayakata kabla hayajachapwa. Kwa hiyo ukimlaumu mama mmoja kwa kunyamaza, kumbuka alikuwa na dola zima linalomsaidia.

Lakini kiini cha riwaya ni wale ndugu wawili, kuliko hata vita, na humo ndimo nilimo mimi. Meredith ndiye aliyebaki. Anaendesha shamba la baba, analea, anajua dawa za mama na saa zake, na ndoa yake inapasuka polepole bila yeye kupata muda wa kuitazama. Nina ndiye aliyeondoka. Ni mpiga picha wa habari, mkoba wake uko tayari muda wote, anakuja nyumbani kwa msiba na kukuta kila kitu kimeshaoza kidogo. Na ni huyu, aliyetoka mbali, anayemtoa mama kule kwenye nyumba ya wazee na kukaa naye usiku mpaka aseme.

Dada yangu mkubwa amebaki nyumbani na mama. Mimi niko Dar, mdogo wetu yuko Muscat, Oman. Wa Muscat akipiga simu, mama anakaa vizuri kwenye kiti, anavaa miwani, anasimulia mambo ambayo dada hajawahi kuyasikia. Simu ikikatika anamwambia dada mchele umeungua. Kila nyumba ninayoijua yenye mzee ina mtoto wa mchele kuungua na mtoto wa simu, na wa simu ndiye anayepata hadithi. Si kwa sababu anapendwa zaidi. Yule anayekuogesha ameshaona udhaifu wako wote. Hutaki aongezewe na wa zamani. Nilimpa dada kitabu hiki, kwa Kiingereza chake cha kutafuta tafuta, akakisoma kwa wiki kadhaa. Aliponirudishia alisema neno moja tu juu ya Meredith: "Huyu hakupumzika hata ukurasa mmoja."

Ni kweli, na Hannah anajua. Meredith hasikilizi hadithi mwanzoni kwa sababu ana kazi. Kuna mtu lazima alipe bili. Inapofika zamu yake hatimaye kukaa gizani na kusikiliza, yeye ndiye anayeumia zaidi, kwani yeye ndiye mama wa watoto, na kinachosimuliwa ni mama mwenye watoto wawili na mkate wa gramu 125.

Juu ya Nina nina neno kama msomaji wa huku. Amejijengea jina kwa kupiga picha vita na mateso, nyingi zikiwa za Afrika. Anajua kusimama mbele ya mwanamke aliyefiwa, akapima mwanga, akapiga. Kila riwaya ya Kimarekani ikimpa mhusika kazi ya namna hiyo huwa najikunja kidogo, maana najua sisi tutakuwa pazia la nyuma: watu wasio na majina walioletwa ili mzungu apate uchovu wa moyo. Hapa pia hatupati jina la maana. Ila safari hii lile pazia limemgeukia mpiga picha mwenyewe. Nina amevuka bahari kutafuta uso wa mwanamke aliyeona njaa ikiua watoto, kumbe uso huo ulikuwa unamtengea supu tangu utotoni. Kitabu hakilisemi hivyo wazi. Laiti kingelisema, kingekuwa kikali zaidi.

Nitasema kidogo tu juu ya maandishi. Nusu ya kwanza inakwenda kwa kujikokota. Ugomvi wa Meredith na mumewe unarudiwa mpaka unaujua kwa moyo. Ngano inapoanza kuvua nguo zake za ngano, na "msichana" akawa "mimi", kitabu kinabadilika, nami nilipitiliza kituo kwenye basi la mwendokasi. Mwisho wake sitausimulia. Nitasema tu kwamba unategemea sadfa kubwa mno, ya kukutana na mtu usiyetarajia mahali usipotarajia, na kwamba nililia hata hivyo nikiwa nimekasirika kulizwa namna hiyo.

Kuna ziwa Ladoga humo pia, lile lililo karibu na mji. Barafu iliposhikamana, Novemba 1941, ndipo malori yalipoanza kuvuka kuleta unga na kuondoa watu. Waliiita Njia ya Uhai. Madereva waliendesha mlango ukiwa wazi ili barafu ikipasuka waruke. Zaidi ya watu nusu milioni walitolewa kwa njia hiyo msimu ule wa baridi, na kuna waliofika ng'ambo salama, wakapewa chakula, wakala kwa pupa, wakafa treni ikiwa safarini. Matumbo yalikuwa yamesahau. Hilo nililisoma katika historia na si katika riwaya, na sijui mama aliyemwona mwanawe akifa hivyo angeanzaje kumpakulia mtoto mwingine chakula kwa uso wa kawaida.

Hapa sasa ndipo ninapoachana na kitabu. Kinataka tukubali kwamba binti wakishajua, wamepona. Mama amesema, wamekumbatiana, miaka thelathini na kitu ya ubaridi imesamehewa kwa usiku kadhaa wa hadithi. Mimi naona kujua ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Meredith alikuwa mtoto kwenye sebule ile mwaka 1972, amevaa nguo za mchezo, anasubiri mama yake apige makofi. Mtoto huyo hakupigiwa makofi. Kuzingirwa kwa Leningrad kunanieleza kwa nini. Hakumrudishii yule mtoto jioni yake. Ningependa sana ukurasa ambapo Meredith anamwambia mama yake, bila kupandisha sauti: nimekuelewa, na bado uliniumiza. Mama aliyeokoka Leningrad angeyaweza maneno hayo. Alishayaweza makubwa kuliko hayo.

Na yupo mmoja ambaye kitabu kinampitisha bila kumgusa. Dada aliponirudishia kitabu tulikaa barazani tukibishana, na yeye ndiye aliyelianzisha. Evan, yule baba mpole, kipenzi cha wote, aliyewakumbatia watoto kila mama alipowageuzia mgongo, alikuwa anajua. Alijua mke wake ametoka wapi. Aliwaona wanawe wakikua wakiamini mama yao hawapendi, akawa anawaambia tu kwamba mama yao ni hivyo alivyo, wamvumilie. Riwaya inamlilia kama mtakatifu. "Huyo mzee," dada akasema, huku anamenya muhogo, "alikaa na ufunguo mfukoni maisha yake yote, akautoa siku ambayo hawezi kuulizwa swali." Nikamtetea: siri haikuwa yake, ilikuwa ya mkewe. Akaniuliza, na wale watoto walikuwa wa nani?

Tumelibishania mara kadhaa tangu hapo, hata kwenye kundi letu la WhatsApp, ambako wa Muscat yuko upande wa Evan na shangazi yuko upande wa dada. Mama hajaulizwa. Dada anasema atamuuliza yeye mwenyewe, habari za miaka ile ya foleni na mengine aliyoyaona, na kwamba safari hii wa Muscat atayapata kutoka kwake.